Jinsi ya kupiga mazoezi ya statistiki na probabiliti kabla ya pepa ya Fomu Foo

Kamwene kwa wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Tukuyu na Kyela, wengine habari za baridi.

Kila mwaka ikishafika mwezi wa nane wa tisa sebule yangu hapa Uyole inajaa madogo wa Fomu Foo, wa kwangu ni mmoja tu, mtoto wa dada, wengine ni majirani na marafiki zao wanakuja na kauntabuku kwapani, na kila mwaka wanafungua na maneno yaleyale: anko, statistiki tunaielewa kabisa ila maksi hatuzioni. Na kweli wanaielewa. Ukimuuliza fomula ya mediani anakutajia kama anasali. Shida ni kwamba anakimbilia fomula kabla hajahesabu vitu vyenyewe. Swali linasema kuna shanga kwenye mfuko, yeye hajaziona hata kwa mawazo zile shanga ziko ngapi, tayari ashaandika P ya A na P ya B na anatafuta pa kuzidisha.

Kwaiyo huu mwongozo wote umekaa kwenye mpangilio mmoja: hesabu vitu kwanza, panga kwenye jedwali, fomula ije mwisho. Nimeuandika kwa wa O-level maana ndo ninaokaa nao, ila wa Fomu Siksi mkitaka chukueni tu, huko mbele msingi ni huuhuu.

Hatua ya 1: weka simu mbali, na kalkuleta yake

Pepa ya Basic Mathematics haina kalkuleta. Unaingia na fofiga, kile kitabu cha majedwali ya namba, basi. Sasa dogo anafanya mazoezi miezi mitatu na kalkuleta ya simu alafu siku ya mtihani mkono unashangaa, 420 gawa kwa 40 inamla dakika mbili. Mazoezi yote, hata ya kujifurahisha, fanya kwa mkono. Ukiona namba imekuwa kubwa na mbaya sana basi mara nyingi kuna njia fupi umeiruka, na kwenye wastani wa data za makundi njia fupi ipo, nitaionyesha hapo chini kwa viazi.

Hatua ya 2: tengeneza data zako mwenyewe

Hapa usiniruke, hapa ndo penye nyama. Data za kitabuni zimeshapangwa na mtu mwingine, wewe unakuta jedwali limeiva unapakua tu. Ila ukizikusanya mwenyewe unajua kwa nini klasi, yaani kundi la namba, inaanzia 50 na sio 47, na unajua mpaka wa klasi ni kitu gani.

Mwaka jana tulifanya hivi. Mama alinunua debe la viazi vya Uporoto pale sokoni, tukachukua vile vidogo vya mwisho mwisho 40, tukamwomba mangi wa dukani mizani yake, dogo mmoja anapima mwingine anaandika, gramu tukaziweka kwenye namba nzima iliyo karibu. Ukizipanga kwa makundi inakuja hivi:

50–59: viazi 4
60–69: viazi 8
70–79: viazi 14
80–89: viazi 10
90–99: viazi 4

Jumla 40. Kabla ya kitu kingine chochote jumlisha frikwensi, yaani idadi ya viazi vya kila klasi, uone kama inafika 40, isipofika kuna kiazi umekihesabu mara mbili au umekiruka, na ukiendelea hivyohivyo kila jibu litakuwa baya mpaka chini.

Sasa wastani. Njia ndefu ni kuchukua katikati ya kila klasi, 54.5, 64.5, 74.5, 84.5, 94.5, uzidishe na frikwensi, ujumlishe, ugawe kwa 40. Inawezekana, ila bila kalkuleta utatoka jasho hata kwenye baridi ya Makete. Njia fupi ni wastani wa kukisia: chagua katikati moja, chagua ile yenye frikwensi kubwa maana ndo itakupa sifuri mahali pazito, hapa 74.5. Toa 74.5 kwenye kila katikati, unapata -20, -10, 0, 10, 20. Zidisha na frikwensi: -80, -80, 0, 100, 80. Jumlisha: 20. Gawa kwa 40: 0.5. Rudisha juu ya ulichokisia: 74.5 + 0.5 = 75. Gramu 75, imeisha, hakuna hata namba moja iliyovuka mia.

Dogo mmoja akaniuliza, anko nikikisia vibaya je? Hakuna kukisia vibaya. Chukua 64.5 uone mwenyewe, nimeiweka kwenye maswali ya mwisho. Jibu linabaki lilelile, kinachobadilika ni jasho lako tu.

Mediani sasa, yaani namba ya katikati ukizipanga zote kwa ukubwa, na hapa ndo wanapoanguka. Nusu ya 40 ni 20. Jumlisha frikwensi ukishuka: 4, 12, 26... simama. Kiazi cha 20 kiko ndani ya klasi ya 70–79 kwa sababu mpaka 69 umeshapata 12 tu na ukiiongeza hii klasi unafika 26. Fomula ni L jumlisha (N/2 toa nb) gawa kwa nw mara i. N ni jumla ya viazi vyote, nb ni frikwensi zilizopita kabla ya klasi hii, nw ni frikwensi ya klasi yenyewe, i ni upana wa klasi. L ni mpaka wa chini wa klasi, na mpaka wa chini SIO 70. Ni 69.5. Narudia kwa sababu sebuleni kwangu kati ya madogo sita wanne waliandika 70: kiazi kilichoonekana kwenye daftari kama gramu 70 kinaweza kuwa kwa ukweli ni 69.6, tuliikadiria wenyewe pale dukani, kwaiyo klasi inaanzia 69.5. Waliopima kwa mkono wao wakaelewa hapohapo, aliyekuja kesho yake akakuta tumeshamaliza ilibidi akariri.

69.5 + (20 - 12)/14 × 10 = 69.5 + 80/14, inakuja kama 75.2. Aliyeweka 70 anapata 75.7 na anaamini kabisa yuko sawa, maana jibu lenyewe halina dalili ya kukosewa.

Modi, yaani namba inayojitokeza zaidi, iko klasi ileile ya 70–79, fomula ni L jumlisha t1 gawa kwa (t1 + t2) mara i. t1 ni 14 toa 8 ya klasi iliyotangulia ambayo ni 6, t2 ni 14 toa 10 ya klasi inayofuata ambayo ni 4. 69.5 + 6/10 × 10 = 75.5.

Angalia hizo tatu: 75, 75.2, 75.5. Zimekaa jirani kwa sababu data zetu karibu zimelingana kushoto na kulia. Hiki ndo kipimo chako cha bure ndani ya chumba cha mtihani, ukipata wastani 75 alafu mediani 91 rudi nyuma haraka. Sisemi lazima ziwe karibu siku zote, data zikiwa zimeegemea upande mmoja zinaachana, ila mediani haiwezi kukimbia klasi yenye kile kiazi cha katikati. Hilo halina mjadala.

Kabla sijaondoka hapa, mtego mmoja wa wastani wanaoupenda watungaji. Wasichana 30 wana wastani wa 60, wavulana 20 wana wastani wa 50, wastani wa darasa zima? Wengi wanasema 55. Hapana, wasichana ni wengi, wana uzito zaidi. Rudi kwenye jumla: 30 × 60 = 1800, 20 × 50 = 1000, jumla 2800, gawa kwa watu 50, unapata 56. Ukiona neno wastani mahali popote, kitu cha kwanza tafuta jumla.

Michoro

Sitakaa sana. Histogramu haina mapengo na inachorwa kwenye mipaka (49.5, 59.5, 69.5...), ile chati ya mihimili ya kawaida ndo yenye mapengo. Poligoni ya frikwensi inapita kwenye katikati za klasi. Ojaivu, ule mchoro wa frikwensi zilizojumlishwa ukishuka, inapita kwenye mipaka ya JUU ya klasi. Mimi mwenyewe kwenye mtihani wa majaribio enzi hizo nilichora ojaivu nzuri sana, imenyooka kama mlima Loleza ulivyokaa, rula safi penseli imechongwa, ila nilipita kwenye katikati. Mediani niliyosoma pale ilikuwa imesogea nusu klasi, na mwalimu hakunionea huruma, akaweka mstari mwekundu juu ya mlima wangu wote. Kwaiyo fanya mchoro mmoja kila wiki kwenye grafu pepa halisi, kwa penseli, sio kwenye karatasi ya mistari, na andika kichwa cha mchoro na skeli maana hizo ni maksi za bure.

Paichati nawapa ya nyumbani. Sensa ya 2022, kwa mamilioni, ukikadiria kwenye desimali moja: Mbeya 2.3, Songwe 1.3, Iringa 1.2, Njombe 0.9. Jumla 5.7. Pembe ya Mbeya ni 2.3/5.7 × 360, karibu 145. Songwe 82, Iringa 76, Njombe 57. Jumlisha pembe: 360. Zisipofika 360 usishike hata bikari, kuna mahali umekosea kugawa. (Wa Njombe msilalamike kwamba kipande chenu ni kidogo, kamalizaneni na sensa.)

Hatua ya 3: probabiliti ishike kwa mikono

Tafuta maharage jikoni. Mekundu 5, meupe 3, mfuko wa rambo usioonyesha ndani. Swali: unatoa harage moja, hulirudishi, unatoa lingine. Uwezekano wa yote mawili kuwa mekundu?

Usiandike kitu. Weka mkono, toa. Umetoa jekundu, liweke mezani. Sasa chungulia mfuko: yamebaki mangapi? Saba. Mekundu mangapi? Manne. Basi umeshaliona jibu kwa macho, 5/8 mara 4/7, yaani 20/56. Dogo anayekosea anaandika 5/8 mara 5/8 kwa sababu kichwani kwake mfuko haujapungua, na mfuko aliouona umepungua hawezi kuusahau.

Alafu chora mti. Matawi mawili ya kwanza, jekundu 5/8 na jeupe 3/8, kila moja linazaa mawili. Ncha ziko nne:

jekundu-jekundu 20/56
jekundu-jeupe 15/56
jeupe-jekundu 15/56
jeupe-jeupe 6/56

Jumlisha namba za juu: 20 + 15 + 15 + 6 = 56, yaani 56/56. Lazima ifike moja kamili, ndo ulinzi wako. Na ushauri wangu usirahisishe sehemu mapema, acha 56 ikae chini mpaka mwisho, ukianza kuandika 5/14 hapa na 3/28 pale unajipa kazi ya kutafuta kigawe cha shirika bila sababu. Rahisisha jibu la mwisho tu.

Swali likisema rangi tofauti, ncha ni MBILI, 15 + 15 = 30/56 = 15/28. Wengi wanachukua moja wanaondoka nayo. Harage jekundu linaweza kuja la kwanza au la pili, zote ni njia halali, kama mtu anayetoka Mwanjelwa kwenda Uyole na daladala alafu bajaji au bajaji alafu daladala, kote kafika.

Dadu mbili. Hapa naomba mchore meza ya sita kwa sita angalau mara moja kwenye maisha yenu, yote, vyumba 36 vikiwa vimejazwa kwa mkono. Jumla ya 8 inapatikana kwa (2,6), (3,5), (4,4), (5,3), (6,2), kwaiyo 5/36. Yule anayesema jumla zinaanzia 2 hadi 12 kwaiyo ziko 11 kwaiyo jibu ni 1/11, mpe meza aijaze, atajionea kwamba 7 imetokea mara sita na 12 mara moja tu, haziko sawa. Haya mambo ya kamari hata wakubwa yaliwasumbua, Pascal na Fermat kule Ufaransa mwaka 1654 walikuwa wanaandikiana barua kuhusu kugawana pesa za mchezo uliokatishwa katikati, kwaiyo usijione mjinga.

Na kwa kuwa mnabeti, najua mnabeti msinifiche, zoezi la matukio yasiyotegemeana ni hili: mkeka wa mechi tano, na tuseme kila mechi una uhakika wa asilimia 80. Mkeka mzima? 4/5 mara yenyewe mara tano, 1024/3125, kama asilimia 33. Yaani kila mechi unaiona mteremko lakini mkeka wote mara mbili kati ya tatu unachanika. Dogo wangu aliifanya hii akanyamaza kimya dakika nzima.

Kwenye "au" usihesabu kitu mara mbili. Namba 1 hadi 20, uwezekano wa kuchagua namba shufwa au kigawe cha 3: shufwa ziko 10, vigawe vya 3 viko 6, ila 6, 12 na 18 ziko pande zote, kwaiyo 10 + 6 - 3 = 13, jibu 13/20. Wasiwasi ukikushika zipange zote kwenye mstari uzihesabu kwa kidole, ni namba 20 tu, hakuna anayekucheka.

Hatua ya 4: lugha ya swali

Pepa ni ya Kiingereza na nusu ya maksi za probabiliti zinapotelea hapo, sio kwenye hesabu. Kuna maneno matatu tu ya kuyapigia mstari kila unapoyaona. "Without replacement" maana yake harage halirudi, chini inapungua. "With replacement" linarudi, chini inabaki 8. Na "at least one" maana yake moja au zaidi, na hii njia yake ya mkato ni kugeuza: tafuta uwezekano wa kukosa kabisa, toa kwenye 1. Angalau jekundu moja kwenye mfuko wetu ni 1 toa 6/56, yaani 50/56, 25/28. Mstari mmoja badala ya mitatu.

Mazoezi yenyewe: chukua swali, funika namba kwa kidole, mweleze mwenzako kwa Kiswahili kinachotokea. Mfuko una nini, mkono unaingia mara ngapi, kinarudi hakirudi. Ukishindwa kusimulia hujalielewa, usilifanye bado. Sisi tunafanya hivi kwenye diskasheni na wakati mwingine tunamaliza saa nzima hatujaandika namba hata moja, mama anapita anauliza nyie mnasoma au mnapiga stori.

Hatua ya 5: saa na daftari la makosa

Wiki za mwisho ingia kwenye past pepa kwa saa. Pepa ni masaa 3 kwa maksi 100, kwaiyo maksi moja ni kama dakika 1.8, swali la maksi 6 lina dakika 11 hivi, la maksi 10 lina 18. Weka saa ya ukutani mbele, sio simu, simu ina mambo yake. Umeme ukikatika, na utakatika, endelea na tochi, dakika hazisimami.

Alafu kila kosa liandike kwenye daftari dogo kwa sentensi moja ya kawaida kabisa. Sio "nirudie mediani". Andika "niliweka 70 badala ya 69.5". Andika "nilisahau jeupe-jekundu". Yule mtoto wa dada ana makosa 31 kwenye daftari lake na ukiyachambua vizuri ni makosa manne tu yanayojirudia yamevaa nguo tofauti, na hayo manne ndo anayoyasoma akiwa kwenye daladala asubuhi.

Maswali ya kuanzia leo, bila kalkuleta:

a) Rudia wastani wa viazi ukikisia 64.5.
b) Mfuko uleule wa mekundu 5 na meupe 3, unatoa matatu bila kurudisha. Yote mekundu?
c) Dadu mbili, uwezekano wa namba kupishana kwa 1 tu.
d) Wastani wa namba tano ni 12. Nne kati ya hizo ni 7, 10, 14, 16. Ya tano?
e) Sarafu tatu, angalau kichwa kimoja.

Majibu, usichungulie kabla: (a) tofauti ni -10, 0, 10, 20, 30, jumla ya frikwensi mara tofauti ni 420, gawa 40 ni 10.5, jibu 75 kama kawaida. (b) 5/8 × 4/7 × 3/6 = 60/336 = 5/28. (c) 10/36, yaani 5/18, na kama umepata 5/36 umeihesabu (1,2) ukaisahau (2,1), andika kwenye daftari. (d) jumla lazima iwe 60, umeshakuwa na 47, kwaiyo 13. (e) 7/8.